Naomba ushauri: tumbo linaongezeka kwa vijana walio kwenye dolutegraviri

Habari zenu wapendwa. Tunaomba ushauri kuhusu vijana wa miaka 15 hadi 19 wanaomeza ARV (dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI) hapa Kisumu, ambao wananenepa tumbo tangu wahamishiwe dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo. Virusi vimedhibitiwa, na hilo ndilo kubwa. Hofu yetu ni kwamba watazificha dawa na kuacha kumeza kwa kuuonea aibu mwili wao.

Mzani peke yake unadanganya, maana kijana bado anakua. Tunapima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Kikifika nusu ya urefu wake, tunapima sukari asubuhi akiwa amekaa muda wa saa nane bila kula. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, tunarudia siku nyingine. Shingo ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, hatungoji kiuno, tunapima sukari moja kwa moja. Mashavu na miguu kukonda ni jambo lingine: hilo hutokana zaidi na ARV ya zamani iitwayo stavudini, na pia zidovudini.

Metformini, dawa ya kushusha sukari, ndiyo inayotutatiza. Dolutegraviri huifanya irundikane mwilini, kwa hiyo kikomo cha metformini ni miligramu 1,000 kwa siku. Je, mmeanza na 500, na figo mnazipima kila baada ya muda gani?

La pili ni chakula cha vijana wanaoishi bweni: chai ya sukari, mandazi, ugali mwingi jioni. Mmewezaje kupata mboga na maharagwe zaidi kwa kijana bila matroni kujua hali yake?