Kationi ni ileile, anioni imebadilika: mbona fuwele hazifanani?

Mpangafuwele aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nina kationi (ioni yenye chaji chanya) ya fosfoniamu, yaani fosforasi iliyoshikana na pete tatu za fenili na mkono mmoja mrefu wa kaboni; anioni, ioni yenye chaji hasi, ndiyo ninayoibadilisha. Chumvi yake ya kloridi hutoa sindano nyembamba kama unywele, ambazo hupoteza ung'avu na kugeuka unga mweupe mara tu zinapotolewa kwenye kiyeyushi. Chumvi ya heksaflorofosfati hutoa vipande vinene vya kupendeza, lakini katika data ya eksirei, inayoonyesha atomu ziko wapi ndani ya fuwele, florini sita za anioni zimetapakaa kuizunguka fosforasi yake hata siwezi kusema ziko wapi. Je, tofauti hii inatokana na ukubwa wa anioni pekee, au kuna jambo jingine la kutazama kabla sijajaribu anioni ya tatu?

Kimiani alijibu:
Ukubwa ni sehemu tu ya jibu. Tazama pia jinsi chaji ilivyokusanyika. Kloridi ina nusukipenyo cha pikomita 181 hivi, na chaji yake yote imebanwa humo, kwa hiyo huzivuta kwa nguvu hidrojeni za kaboni iliyoshikana na fosforasi, ambazo ndizo zenye uchanya zaidi katika kationi yako. Hata hivyo, kationi kubwa haiwezi kuizingira vizuri ioni ndogo kiasi hicho, na mianya inayobaki hujazwa na maji au kiyeyushi. Nadhani hicho ndicho kilichozipata sindano zako: kiyeyushi kimetoroka na mpangilio ukaporomoka. Zipime uzito huku ukizipasha moto polepole, utajua.

Heksaflorofosfati ni kinyume chake. Chaji moja imesambaa juu ya florini sita, miguso yake na hidrojeni ni dhaifu, na umbo lake linakaribia tufe, hivyo inaweza kugeuka papo hapo ilipo kwa gharama ndogo ya nishati. Kupoza fuwele hadi kelvini 100 hupunguza mtikisiko, ila hakusaidii sana iwapo anioni zimeganda kila moja ikielekea upande wake.

PeteSita alijibu:
Kationi nazo zina usemi. Katika miaka ya 1990, wanakemia Dance na Scudder walionyesha kwamba kationi za tetrafenilifosfoniamu (fosforasi yenye pete nne za fenili), ijapokuwa zote zina chaji chanya, mara nyingi hukaa mbilimbili zikikumbatiana: pete tatu za huku na tatu za kule hupishana, ukingo wa moja ukielekea uso wa nyingine. Kwa hiyo pima umbali kati ya fosforasi ya kationi moja na ya kationi jirani katika chumvi zote mbili. Ukiukuta kati ya pikomita 600 na 700 hivi, chunguza kama kumbatio hilo lipo. Likiwepo, anioni inajipenyeza tu panapobaki nafasi. Umbali ukiwa mkubwa zaidi, huenda anioni ndiyo iliyozitenganisha kationi hizo mbili.

MchujaChumvi alijibu:
Naomba tusiishie kwenye kanuni ya "anioni kubwa, mpangilio legevu". Chukueni kationi ya 1-ethili-3-methiliimidazoliamu, ambayo kusema kweli si kubwa sana, mtazame joto la kuyeyuka la chumvi zake, linalodokeza jinsi ioni zilivyoshikamana. Kloridi yake huyeyuka kwenye nyuzi 87 za Selsiasi hivi, tetrafloroborati karibu na 15, lakini heksaflorofosfati, iliyo kubwa kuliko tetrafloroborati, hupanda tena hadi karibu 60. Ulinganifu wa umbo na namna ioni zinavyoshikamana vinahesabika pia, si nusukipenyo peke yake.

Mpangafuwele:
Nashukuru. Basi anioni ya tatu iwe ipi? Nina perklorati ya sodiamu kabatini.

Kimiani:
Iache hapo hapo kabatini. Perklorati za kationi za kikaboni zinaweza kulipuka zikikaushwa na kukwanguliwa. Jaribu iodidi: haivuti maji kama kloridi, ni atomu moja tu isiyo na florini za kutapakaa, na kwa uzito wake huonekana upesi katika data, ijapokuwa hufyonza eksirei, hivyo chagua fuwele ndogo. Ukiipata kwa kubadilishana na kloridi ndani ya maji, usitegemee nitrati ya fedha kukuambia kama kloridi imekwisha, kwani iodidi yenyewe hutoa mashapo. Ikuze fuwele upya mara mbili, kisha katika data angalia kama nafasi ya anioni ina elektroni pungufu kuliko za iodini. Upungufu huo ukiwapo, kuna kloridi iliyobaki humo.