Turbo ya tatu imekufa, na hakuna fundi aliyewahi kushusha sampu ya oili

Wadau, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, zimekufa tatu ndani ya miezi saba, gari moja, gereji moja.

Gari ni Hilux dabo kebini, dizeli ya 3.0, injini ya 1KD-FTV. Ndilo linalonilisha. Napakia viazi Molo, nashusha soko la Kibuye kule Kisumu, mara mbili kwa wiki, na Jumapili linabeba familia kanisani. Miaka miwili iliyopita nililifanyia kazi: ekzosi pana, intakula kubwa (kipoza hewa ya turbo) mbele ya rejeta, EGR (njia inayorudisha moshi ndani ya injini) ikazibwa, na kijana mmoja akaja na laptopu akaichezea kompyuta ya injini ili turbo isukume zaidi. Nakiri hayo mapema ili mtu asije hapa kuniambia ningeacha gari kama lilivyotoka kiwandani. Nimeshaambiwa sana. Kubadilisha gari langu hakumpi mtu ruhusa ya kula pesa zangu mara tatu.

Ile ya kwanza, iliyokuja na gari, ilianza kupiga mluzi. Moshi wa buluu asubuhi, oili inapungua kila nikichomoa dipstiki. Nikaenda gereji moja kubwa hapa Nakuru, ya mafundi wenye ovaroli safi. Sitaitaja, kwa sababu nitakayosema mengine nataka niyasemee mbele ya hakimu. Fundi akatoa bomba la hewa, akashika ncha ya shafti kwa vidole viwili, akaitikisa. Ilicheza hadi mapezi yakagusa ukuta, unasikia kabisa chuma kikikwaruza. "Mzee, hii imeisha." Kweli ilikuwa imeisha. Nikamuuliza, imemalizwa na nini? Akanijibu, "Turbo ni spea ya kuisha, kama breki pedi."

Naomba msome jibu hilo mara mbili, kwa sababu shida yangu yote imeanzia hapo. Turbo si breki pedi. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo kama hii haikalii gololi, inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Ikipata oili safi ya kutosha inaweza kuishi miaka na miaka. Ikifa, kuna kilichoiua: oili haikufika, au ilifika chafu, au kuna kitu kimeingia upande wa hewa, au joto limezidi, au inazungushwa kupita uwezo wake. Ukifunga mpya bila kutafuta kilichoiua ya zamani, umeiweka mpya palepale alipo muuaji.

Wakanifungia "mpya" kwa shilingi 72,000, na 8,000 za kazi. Ile ya zamani wakabaki nayo, wakasema ni chuma chakavu. Si kweli. Turbo ya kiwandani ikiharibika mara nyingi hubadilishwa katriji ya katikati, yenye shafti na beringi zake, ikarudi barabarani, kwa hiyo mwili wake una bei. Hilo nalo nilikuja kulijua baadaye.

Hiyo ya pili ilikwenda kilomita 1,900. Niliporudi wakaniambia nimetumia oili mbaya. Oili gani? Ile waliyoitia wao siku ileile, na risiti ninayo! Tulibishana hadi karani akanionyesha kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikalipa nusu ya bei ya turbo ya tatu, kwa sababu nilikuwa na magunia ya watu shambani na viazi vikikaa vinaoza. Walijua sina njia nyingine. Turbo ya pili angalau niliibeba nikaenda nayo nyumbani.

Sasa ya tatu. Jumamosi asubuhi tunaelekea mazishini Kisumu, mimi, mama watoto, watoto wawili na mama mkwe. Tumepita Salgaa, tunapanda kuelekea Sachangwan. Mluzi ukageuka kilio, halafu pa! Nguvu zikaisha. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, na injini badala ya kushuka ikapanda yenyewe. Nyuma moshi mweupe mzito, lori lililokuwa nyuma yangu silioni tena. Nikazima ufunguo. Injini haikuzima. Ikazidi kupanda, inalia kama inataka kupasuka.

Waliowahi kuliona hili kwenye dizeli wanalijua. Shafti ikikatika, oili inamwagika kwenye njia ya hewa, injini inaichoma kama mafuta, na ufunguo hauwezi kitu kwa sababu unafunga dizeli, haufungi oili. Injini hii ilitoka kiwandani na kipepeo kwenye njia ya hewa, hujifunga ukizima. Kingesaidia kuinyima pumzi. Walikitoa walipoziba EGR, wakasema kinabana hewa, na hakuna aliyeniambia kazi yake nyingine.

Nilitia gia ya tano, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikaachia klachi ghafla. Gari likarukaruka mara tatu likazima. Kijana wangu mdogo alikuwa akilia, "Baba zima! Baba zima!" na mimi nimeshazima. Tukatoka mbio tukashuka mtaroni. Hapo ni Sachangwan, ambapo mwaka 2009 lori la mafuta lilishika moto na zaidi ya watu 100 wakafa. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye nyasi, nguo zake za msiba zimejaa masizi, anaomba. Gari langu lingekuwa la otomatiki, hiyo mbinu ya gia isingekuwepo.

Brekidauni ikalivuta hadi Molo, kwa fundi mmoja mzee mwenye gereji ya mabati. Huyu hakuigusa turbo. Alisema neno moja: "Shusha sampu," yaani lile bakuli la oili chini ya injini. Haikufika saa moja akaniita nione. Chujio la kufyonza oili, lile la wavu, lilikuwa limezibwa na kitu cheusi kigumu kama masizi ya sufuria ya kuni. Akalikwangua kwa bisibisi, yakaanguka magamba. Sehemu iliyobaki wazi haikuzidi ukucha wa kidole changu kidogo. Hapo ndipo injini nzima ilikuwa inanywea oili, na turbo iko mwisho wa foleni.

Akanieleza chanzo. Mwaka jana gereji ileile ilichomoa nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, kwenda kuzipima, ikazirudisha na washa za shaba zilezile zilizokwisha kubanwa. Washa ikivuja, moto wa silinda unapenya pembeni ya nozeli unaingia chini ya kifuniko cha valvu, unaipika oili inakuwa masizi, masizi yanashuka sampuni, chujio linayakamata hadi linaziba. Ni ugonjwa unaojulikana wa injini hii, wenye 1KD dunia nzima wanaulilia. Washa mpya nne hazifiki bei ya dizeli ya kwenda Kisumu na kurudi. Mtu aliyejiita mtaalamu wa injini hii alizirudisha za zamani, kisha akaniuzia turbo mara mbili!

Hakuishia hapo. Kwenye mdomo wa bomba linalopeleka oili kwenye turbo walipaka silikoni nyekundu badala ya kuweka gasketi. Silikoni ilikuwa imebanwa ikaingia ndani ya tundu, inaning'inia kama mnyoo. Tundu lenyewe ni dogo kiasi gani mnajua. Halafu akainamisha intakula. Oili ilitoka karibu nusu ndoo, na chini yake vipande vya aluminiamu kama chenga za mchele. Vingine vinang'aa, vya juzi. Vingine vimekuwa vyeusi, vya turbo ya kwanza. Kwa maneno mengine hawakuwahi kuiosha. Na beringi za krenki zimeanza kukwaruzika, kwa hiyo sasa injini iko wazi kwenye turubali na mimi nakodi pikapu ya mtu.

Kuhusu yule kijana wa laptopu, na yeye nina neno naye. Alimaliza kazi kwa dakika arobaini, gari limesimama uwanjani, hakuliendesha hata hatua moja. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Mau Summit umepita mita 2,500. Huko karibu robo ya uzito wa hewa ya pwani haipo. Kompyuta ikidai presha ileile, turbo lazima izunguke kwa kasi zaidi kuitafuta. Ukiwa umeshapandisha presha na gari limebeba magunia mlimani, unaizungusha kupita mpaka wake kila wiki. Nilimwambia njia ninayopita. Nilimtajia Molo, Mau Summit, Londiani, Kericho. Akaitikia kwa kichwa, akaweka faili aliyokuwa nayo tayari. Ramani ya kiwandani, yaani mpangilio wa awali wa kompyuta ya injini, nimemwomba anirudishie, anasema hakuihifadhi.

Nilirudi Nakuru Jumatatu na chujio mkononi. Meneja alilitazama, akasema kazi yao ilikuwa turbo, mambo ya sampu hawakuulizwa. Nimeshindwa kulala kwa sababu ya sentensi hiyo. Mimi ni mkulima, nitajuaje kuuliza sampu? Ndiyo maana nilimlipa fundi.

Ninachodai ni bei ya turbo ya pili na nusu ya tatu, gharama za beringi, na ile turbo yangu ya kwanza irudishwe. Kibao cha ukutani hakifuti Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na unaweza kujisimamia bila wakili. Fomu nimeshachukua.

Nyongeza, saa tatu usiku: ndugu aliyeuliza kama na yeye afungue sampu, gari lake ni 1KD na turbo imebadilishwa mwezi jana. Fungua kesho, usisubiri safari. Washa za nozeli zibadilishwe zote, intakula ioshwe, na turbo ijazwe oili kwa mkono kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Na kama kuna aliyefungiwa turbo kwenye gereji ya aina hiyo akaambiwa maneno ya breki pedi, naomba aniandikie faraghani, nahitaji mashahidi. Turbo mbili ninazo, ziko kwenye gunia la viazi nyuma ya mlango, pamoja na chujio bila kuoshwa. Nitalibeba hilo gunia kortini lilivyo.