MREJESHO: Mdogo wangu wa kichwa na macho, kumbe presha iko ndani ya fuvu

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri, mdogo wangu wa kike miaka 27 kichwa kinamuuma hasa alfajiri, akiinama kufunga viatu macho yanazima sekunde kadhaa yanarudi, na sikioni anasikia vuu vuu vuu kufuata mapigo ya moyo. Zahanati walishampa dawa za malaria mara mbili, sijui hata walipima nini.

Aliyesema aanzie kwa daktari wa macho Mungu ambariki. Kamulika tu ndani ya jicho kakuta neva imevimba pande zote mbili, hapohapo kaandika MRI (kile kipimo cha picha za ndani ya kichwa). Haikuonyesha uvimbe wala damu iliyoganda kwenye mishipa, ndo wakamchoma sindano mgongoni kupima presha ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ikasoma sentimita 36 wakati mtu mzima haitakiwi izidi 25.

Nilivyoelewa mimi fuvu ni kama ndoo ya chuma yenye mfuniko, ndani kuna ubongo, damu na maji, kimoja kikizidi hakuna pa kutanukia, neva za macho ndo zinaumia. Na hayo maji mwili unatengeneza kama nusu lita kila siku!

Saivi anatumia asetazolamaidi, dawa ya kupunguza hayo maji, vidole vinamchonyota na soda anasema ina ladha ya chuma. Kaambiwa apunguze uzito, hapo ndo kuna kesi maana chipsi mayai hataki kuachana nazo. Macho hayazimi tena ila kliniki bado anaenda.