Mjadala: Moshi wa shaba Copperbelt, ajira kwanza au hewa kwanza?

Wakuu habari za saa hizi. Jana kwenye mada ya bei ya shaba kuna jamaa kaandika eti kelele za mvua ya asidi ni za NGO zinazotafuta hela, na nchi maskini ikiwabana wenye migodi kuhusu moshi vijana watakosa kazi. Mimi napinga, na mfano wangu ni Mufulira kule Zambia, madereva wetu wanaotokea Tunduma kwenda Copperbelt (mkoa wa migodi ya shaba) wanapajua.

Pale mgodini kuna tanuru la kuyeyushia shaba, lipo tangu 1937. Mawe ya pale yana salfa ndani, ukiyachoma salfa inatoka na moshi (wenyeji wanaita senta, ikikuingia kooni unakohoa mpaka machozi), huko hewani inakutana na unyevu inakuwa asidi, mvua ikinyesha inashuka nayo. Sasa pita Kankoyo, mtaa wa pembeni ya tanuru, uone mabati yalivyoliwa na kutu mpaka matundu, ardhi iko wazi haina hata nyasi, kinachovumilia ni miparachichi na madungusi basi. Asidi inaosha kalsiamu na magnesiamu kwenye udongo halafu inaachia alumini ambayo inaua mizizi, kwa hiyo hata moshi ukizimwa leo udongo haurudi msimu ujao.

Karibuni tujadili.

> Mkuu si wangejenga tu chimni ndefu moshi upite juu ya watu?

Sudbury, mji wa migodi ya nikeli na shaba kule Kanada, walifanya hivyo 1972, chimni ya mita 381! Mji ulipata nafuu kweli, ila moshi ukaenda kuangukia mbali zaidi kwenye maziwa na misitu ya watu wengine. Hapo umemhamishia jirani tu.

> Acheni utani, tanuru likifungwa Mufulira inakufa. Mtu mwenye njaa unamwambia habari za nyasi?

Nani kasema lifungwe? Hapo ndipo watu mnapotegwa. 2014 wenye mgodi wa Mufulira walikamilisha mitambo ya kunasa zaidi ya asilimia 95 ya ile gesi ya salfa, na ikinaswa inageuzwa asidi ya salfa ambayo ni biashara, malori yanaivusha mpaka wa Kasumbalesa kwenda Katanga kule Kongo kwa sababu wachimbaji wa huko wanaihitaji kutolea shaba na kobalti kwenye mawe. Yaani zaidi ya miaka 70 walikuwa wanamwaga mali juu ya mapaa ya watu halafu wanatuambia kuinasa ni gharama. Na tanuru likaendelea kuwaka.

> Sawa mleta mada umeeleweka, ila hao wa Kankoyo mabati yao yanalipwa na nani? Sudbury walianza kumwaga chokaa kwenye udongo 1978 ili kupunguza asidi, miti ikarudi, ila kazi ile inataka hela na miaka. Mgodi huu wa Mufulira serikali ya Zambia iliuza 2000, ikauchukua tena 2021, na 2024 asilimia 51 imekwenda kwa Waarabu wa Emirates. Mimi nasema serikali ilipe, ndiyo iliyokula faida miaka yote.

Na wale waliokuwa nao kati ya 2000 na 2021 wao waende zao hivihivi? Hata aliyenunua juzi kanunua akiiona ile ardhi ilivyo, asijifanye mgeni.