Naombeni ushauri: Zaburi ya kusoma mazishini

kifungua_mimba
Wakuu, heshima kwenu. Nimepangiwa kusoma Zaburi kwenye ibada ya mazishi. Nilichagua ya 115, ila mstari wa 17 unanikwamisha: "Sio wafu wamsifuo Bwana." Nitasomaje hivyo mbele ya jeneza?

besi_ya_kwaya
Soma ya 90, miaka sabini, mwenye nguvu themanini. Tuliisoma kwa babu, akiwa na 91. Shangazi alilia hadi akacheka.

dada_mkubwa
Umeishia 17, soma na 18: "Bali sisi tutamhimidi Bwana." Waebrania wa kale waliiona Kuzimu ni mahali pa kimya. Ndiyo maana Zaburi ya 6, 30 na 88 zinambembeleza Mungu: nikifa, nani atakusifu? Mfalme Hezekia naye alisema hivyo alipopona, Isaya 38, baada ya kuongezewa miaka 15. Ni maneno ya mtu anayekimbizana na muda. Mazishi lini?

kifungua_mimba
Tarehe bado.

dada_mkubwa
Bado vipi? Marehemu kafariki lini?

kifungua_mimba
Hajafariki. Ni baba yangu. Daktari katuambia tujiandae, na ukoo umeshagawa kazi. Sitaki kubabaika siku hiyo. Kujiandaa si dhambi.

mtu_wa_pwani
Hii chai. Nani anagawa kazi za msiba mgonjwa anapumua?

besi_ya_kwaya
Wapo, mkuu. Kwetu sanda ilinunuliwa mapema, mgonjwa akaishi miaka minne.

mama_wawili
Vijana mnawahi jeneza kuliko uji wa mgonjwa. Tubuni.

kifungua_mimba
Natamani ingekuwa chai. Naandika nikiwa nje ya wodi.

dada_mkubwa
Basi achana na mazishi. Ingia umsomee 146 sasa hivi: "Nitamsifu Bwana muda ninaoishi, nitamwimbia Mungu wangu ningali ni hai." Hiyo haisomeki kwa niaba ya maiti.

kifungua_mimba
Akiniona na Biblia atajua hali yake. Tumekubaliana tusimtishe.

dada_mkubwa
Anajua, mdogo wangu. Anayefichwa hapo ni wewe.

mtu_wa_pwani
Kama ni kweli, niwie radhi. Nenda.

kifungua_mimba
Nimeingia. Nilipoanza 146 akatikisa kichwa, akanionyesha kwa vidole: moja, tano, ngumi. 150. Yuko kwenye oksijeni. Tulipofika "Kila mwenye pumzi na amsifu Bwana" akaishika besi yake ya zamani, mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia. Muuguzi kaja kutuambia tupunguze sauti.