Jiwe limenikataa: ndivyo alivyoniambia leo yule muuza mawe tunayemjua sote

Wakuu,

Naandika hata viatu sijavua, kwa kuwa nimetoka sasa hivi kwa yule bwana wa barabara ile ile mnayoijua, mwenye slabu zilizoegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Jina lake silitaji, maana nusu yenu mmeshapita mikononi mwake na nusu nyingine mko njiani.

Sebule yangu na jiko ni sakafu moja isiyo na ukuta kati. Bwana huyo ndiye aliyenishauri nitandike marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, iliyong'arishwa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu kwa kujitazama humo. Nilimuuliza, mke wangu akisikia, kama jiwe hilo linafaa jikoni, akanijibu kwamba marumaru ya Carrara, kule Italia, imetumika tangu enzi za Warumi, kana kwamba Warumi hao ndio watakaokuja kukaanga vibua kwangu.

Jumapili shemeji yangu alikamua ndimu kwenye kachumbari, matone matatu yakadondoka sakafuni na hakuna aliyejali. Kulipokucha yalikuwa madoa matatu yaliyofifia, mfano wa jicho lenye mtoto wa jicho, nayo hayakutoka kwa sabuni, kwa maji ya moto wala kwa dua. Basi leo nikajaribu ndimu kwenye kipande kilichobaki, nikapata doa lile lile, nikakibeba hadi kwake.

Nilimkuta anakula pilau. Mbele ya macho yangu alichukua ndimu akaikamua, maji yakamwagika mezani, akayapangusa kwa kiganja, na meza ikabaki inang'aa kama mwanzo, kwa sababu meza yake yeye ni ya granaiti! Ndipo akalamba kidole chenye mafuta, akasugua doa kwenye kipande changu, akanitazama usoni na kusema: "Mzee, jiwe limekukataa."

Limenikataa! Jiwe nililolinunua, nikalilipia gari, nikawabebesha vijana wanne kilo hamsini na kitu kwa kila mita moja ya mraba, leo linanikataa kama mchumba aliyepata kazi benki. Nilipomkumbusha ile dawa ya kuziba vinyweleo aliyonitoza kando, alinieleza huku akitafuna kwamba dawa huzuia mafuta na chai visipenye, lakini tindikali ya ndimu haihitaji kupenya, kwa kuwa hula uso wa jiwe lenyewe. Kumbe alikuwa anajua! Alijua, akaniuzia, akakamua ndimu juu ya granaiti yake, kisha akasema jiwe limenikataa.

Mke wangu ameshatandika mkeka juu ya madoa. Semeni lolote, ila asiniambie mtu habari za subira.

Mpiga Niru: Pole, mkuu. Nimesoma mara mbili nikitafuta mahali ulipodanganywa, sikupaona, kwa sababu marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi, na chokaa na ndimu havijawahi kukaa nyumba moja. Ungeacha tone moja kwenye sampuli usiku kucha kabla ya kulipa, ungeokoa mamilioni. Hata bibi yangu angekwambia hivyo.

Mwenye uzi: Bibi yako hakuambiwa na mtu mwenye wali mdomoni kwamba jiwe limemkataa.

Mama Wawili: Mimi nimecheka mpaka mtoto ameamka, lakini yangu yanazidi. Hapa mjini kila kigae cha dukani huitwa marumaru, kwa hiyo nilipomwambia fundi kwamba tunatandika marumaru, alinielewa kivyake, akaja na saruji ya kijivu ya vigae badala ya saruji nyeupe. Jiwe langu jeupe limenyonya ule ujivu kutoka chini, na sebule nzima inaonekana kama imepigwa picha wakati wa mvua. Angalau wewe una madoa matatu unayoweza kuyahesabu.

Mpwani wa Mombasa: Huku kwetu nilikimbilia mawe ya Mazeras, yale ya mchanga, kwa kuwa hayatelezi na yanapendeza barazani, nikafanya kosa la kuyaingiza mpaka chumba cha kulia. Jiwe la mchanga hunywa mafuta kama taa ya chemni. Mchuzi uliomwagika Idi iliyopita bado upo, na kila kiti kinacheza kwa sababu mawe hayakusuguliwa yakalingana.

Nyeusi Tii: Nanyi msidhani granaiti ni pepo. Nimetandika nyeusi, naishi karibu na bahari, na kila unyayo wa paka unasomeka kama maandishi. Juzi mwanangu alimwaga dawa ya kufutia rangi ya kucha, nikapangusa kwa pamba, pamba ikawa nyeusi. Kumbe nililouziwa ni jiwe lililopakwa rangi!

Mwenye uzi: Aliyekuuzia ni huyo huyo? Alikuwa anakula?

Nyeusi Tii: Alikuwa anakunywa chai, na aliniita mwanangu.

Fundi Mstaafu: Mzee, usirudi tena kwa huyo bwana. Tafuta mwenye mashine ya kusugulia yenye almasi, aiondolee sakafu yote mng'aro, kwa sababu doa la ndimu huonekana zaidi pale linapovunja mng'aro. Kwenye sakafu isiyong'aa halitakusumbua sana. Isitoshe, mng'aro wako haukuwa na maisha marefu. Mchanga unaoingia na viatu una madini ya kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, nayo marumaru ni kama 3, kwa hiyo wageni wako wangeimaliza kazi hata bila kachumbari.

Mpiga Niru: Fundi, na bafuni je? Shangazi yangu ameteleza mara mbili kwenye granaiti iliyong'arishwa, na fundi wake anasema kosa ni la sabuni.

Fundi Mstaafu: Fundi wake anastahili kuoga humo yeye mwenyewe. Bafuni hutandikwa jiwe lenye uso wa kukwaruza.

Mama Wawili: Samahanini kwa kuingilia. Nina kipande cha marumaru nyeupe kilichobaki, sentimita 180 kwa 60, kona moja imemeguka. Nani anakihitaji?

Mwenye uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye suala la kukataliwa na jiwe.

Mpwani wa Mombasa: Dada, kinafaa kusukumia chapati?

Mama Wawili: Kinafaa sana, kwa sababu hukaa baridi na unga haugandi. Usafiri ni juu yako.