Tupeane uzoefu: Uliokoaje fedha katika manunuzi ya sikukuu za Desemba?

Mleta mada: Ndugu zangu, leo nimepita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikakuta magauni ya watoto yameshaanza kutundikwa, nikakumbuka kwamba mwaka jana niliingia Januari nikiwa na kreti mbili za soda uvunguni na sina ada ya mtoto. Naomba kila mmoja aeleze alivyofanya, hata kama alishindwa.

Mama Watatu: Mimi nguo za sikukuu hununua mwezi wa nane, wakati muuzaji hana haraka na mteja ana nafasi ya kugeuza gauni, kuangalia mshono na kujaribu zipu.

Fundi wa Tandika: Dada, kwa gauni nakubali, lakini kwa viatu usithubutu. Nilinunua vya kijana wangu Agosti, nikavificha juu ya kabati, na asubuhi ya Krismasi kisigino kikabaki nje. Alikwenda kanisani na suti na ndala.

Mzee wa Rombo: Niliambiwa mbuzi wa ndafu, yaani wa kuchomwa mzima, anunuliwe Julai na kuachwa kijijini kwa jirani, kwa sababu Desemba bei hupaa. Mbuzi wangu wamekufa miaka miwili mfululizo, na kila mara msiba huo umetokea karibu na sherehe ya mtunzaji.

Mama Watatu: Pole, mzee wangu. Wa kwangu aliibwa.

Mhazini Mstaafu: Naomba mniwie radhi kwa urefu. Kikoba chetu cha Mbagala, yaani kikundi cha kuweka akiba kwa hisa, kilikuwa na wanachama 26, hisa moja ikiwa shilingi 5,000, na katiba ilitaka tukivunje, yaani tugawane akiba, Jumamosi ya pili ya Desemba ili kila mtu awahi kununua mchele na mafuta. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na watu watatu wasio viongozi. Siku hiyo tulikaa chini ya mwembe tangu saa nne asubuhi, wengine wakiwa wameshika mifuko mitupu ya sokoni. Washika funguo wawili wakafika, wa tatu simu yake haipatikani. Saa tisa akapiga mwenyewe: yuko Same, ndani ya basi la Moshi, na ufunguo umo kwenye pochi yake pamoja na rozari. Kijana mmoja akaleta msumeno wa chuma. Mwenyekiti akasimama mbele ya sanduku akiwa na katiba mkononi, akasema atakayekata kufuli atakatwa hisa. Ufunguo ulirudi siku mbili baadaye, umefungwa kwenye bahasha kama kifurushi cha basi, na usafirishaji ukatugharimu shilingi 5,000, yaani hisa nzima. Sandukuni haikupungua hata senti, lakini magunia manne ya mchele wa Kyela tuliyoahidiwa kwa bei ya jumla yalikuwa yamekwisha kuuzwa.

Fundi wa Tandika: Mngekata tu. Kufuli ni shilingi ngapi?

Mhazini Mstaafu: Kaka, tukikata leo mbele ya watu 26, mwaka ujao atakata mmoja usiku.

Kijana wa Mbezi: Ndiyo maana akiba yangu naiweka kwenye simu.

Mama Watatu: Na simu hiyo hiyo ndiyo inayokulipia nyama choma saa sita usiku.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye manunuzi.

Kijana wa Mbezi: Basi tusisahau nauli, kwa sababu anayefika Stendi ya Magufuli tarehe 23 bila tiketi atakuta fedha aliyookoa Kariakoo inasubiriwa na wapiga debe. Tangu treni ya Moshi irejee mwaka 2019, mimi nawahi tiketi ya treni, nabeba na chakula changu.

Binti wa Ilala: Sisi majirani wanne hununua nguo za ndani na soksi kwa dazeni, tukagawana. Ugomvi huwa ni wa rangi tu.

Mwalimu wa Hesabu: Lipeni ada kwanza, kisha kinachobaki ndicho cha sikukuu.

Mzee wa Rombo: Mwalimu, nikifika kwa wakwe niwapikie risiti?

Binti wa Ilala: Mhazini, yule mama bado anashika ufunguo?

Mhazini Mstaafu: Tulimchagua tena, kwa sharti kwamba asikate tiketi kabla ya mgao. Mwaka huu amekuja mkutanoni saa mbili asubuhi, ufunguo ameuning'iniza shingoni.